Chungu, Mrija na Glasi ya Mguu

Mazungumzo ya leo yanahusu chombo. Kilichomo ndani yake tutakigusa kadiri kitakavyotulazimu. Pale Tunduma, mkoani Songwe, malori ya shaba yanapopanga foleni kuingia kutoka Nakonde na makontena yanaposubiri safari ya Lubumbashi, baa za kando ya barabara kuu huuza bia za chupa na Konyagi, na hoteli zinazojiona za hadhi huweka nyuma ya kaunta rafu ya glasi za kila umbo: zenye mguu mrefu, ndefu zilizonyooka, fupi zenye kitako kinene. Ukiiacha barabara kuu ukaingia vijijini, Momba, Mbozi au Ileje, unakuta klabu ya pombe ya kienyeji ambako kinywaji hupimwa kwa kopo na kupokezanwa, na kwenye baadhi ya shughuli za kimila bado kuna chungu kilichozungukwa na watu wenye mirija. Mwenye glasi humwona mwenye chungu mshamba, na mwenye chungu humwona mwenye glasi mlimbukeni. Mimi nadai kwamba vyombo hivi vimebuniwa kwa akili ile ile. Kila kimoja kinajibu maswali ya kinywaji kina tabia gani, mkono utakishikaje, na mnywaji atakimaliza kwa kasi gani. Nadai pia, na hapa ndipo penye ubishi, kwamba anayebadilisha chombo anabadilisha unywaji wenyewe, hata kama hakugusa tone la kilichomo.

Tuanze na chungu, maana ndicho cha hapa. Nyanda hizi ni nchi ya ulezi. Ulezi hulowekwa hadi uchipue, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, kisha kimea huchanganywa na unga uliopitishwa motoni na kuachwa uchachuke. Kinachopatikana ni rojo zito, machicha na mapumba ndani yake. Wanyakyusa huita pombe ya namna hii kimpumu. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wamambwe na Wanamwanga, wanaijua kama katubi. Ukiimimina ilivyo kwenye glasi utakuwa unatafuna, hunywi. Kwa hiyo rojo huwekwa chunguni, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na watu wakanyonya kwa mirija inayoingia chini ya machicha. Maji yakipungua yanaongezwa mengine ya moto. Kila yanapoongezwa, kilevi kinazidi kupungua, na ladha ikishakwisha kikao nacho kimefika mwisho, bila mtu kutangaza.

Angalia sasa jinsi umbo linavyofanya kazi. Chungu cha udongo kina ukuta mnene unaotunza joto, na tumbo pana lenye mdomo mwembamba huzuia mvuke kutoroka. Kitako cha mviringo, ambacho mtu wa mezani angekiona kasoro, hukaa vizuri juu ya mafiga na kutulia kikichimbiwa kidogo ardhini. Wakisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema, hufinyanga maumbo hayo bila gurudumu na kuta zake zinatoka sawa kama zimepimwa. Mrija nao ni bomba la unyasi au tete lenye uwazi mwembamba, na ncha yake huwa imechanwa vijitundu au imefungiwa kichujio cha nyuzi. Huchuja mapumba, hupooza maji ya moto yanapopanda, na huzuia pupa, kwa kuwa hakuna kinywa kinachoweza kuvuta kimpumu kwa kasi ambayo koo linamaliza chupa ya bia. Tena chungu kizito chenye maji ya moto hakibebeki kwenda nacho njiani. Anayetaka kunywa lazima aketi, na akiketi wenzake wanamwona.

Akili hii haikuzaliwa Songwe peke yake. Watu wa Teso, Uganda, hunywa ajono kwa chungu kimoja na mirija mirefu, maji ya moto yakiongezwa vile vile, na Waluhya wa magharibi ya Kenya wana mirija yao ya busaa. Mihuri ya kale ya Mesopotamia inaonyesha watu wameketi pande mbili za mtungi, kila mmoja na mrija wake. Mwaka 1897, katika kaburi kubwa la Maikop, kusini mwa Urusi, mwanaakiolojia Nikolai Veselovsky alichimbua mabomba manane ya dhahabu na fedha, kila moja likizidi mita moja. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu waliyaita fimbo za kifalme, au nguzo za mwavuli wa mazishi. Ni mwaka 2022 tu ambapo kundi la Viktor Trifonov lilichapisha hoja kwamba ni mirija ya pombe: ncha zake zina vichujio, na kwenye mojawapo yalipatikana mabaki ya wanga wa shayiri. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka elfu tano na elfu sita. Nashuku kwamba mzee yeyote wa Momba angeonyeshwa vichujio vile angetoa jibu kabla ya chai kupoa, lakini hakuna aliyemwuliza.

Tuhamie kwenye rafu ya hoteli. Kokteli ilielezwa kwa maandishi mwaka 1806, katika gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York: pombe kali, sukari, maji na matone ya dawa chungu za mitishamba. Sukari ya wakati ule ilikuwa ya bonge. Ilipaswa kupondwa ndani ya glasi ile ile ya kunywea, na kwa hiyo ile glasi fupi ina kitako kinene: ni kinu kidogo. Mwaka huo huo wa 1806, mfanyabiashara wa Boston aitwaye Frederic Tudor alipakia melini barafu iliyokatwa kwenye madimbwi ya nchi yake akaipeleka kisiwa cha Martinique. Kufikia 1833 barafu yake ilikuwa imefika Calcutta. Barafu ilipokuwa bidhaa ya kawaida, wahudumu walianza kupoza kinywaji kwa kukitikisa na barafu, kisha kukichuja na kukimimina bila barafu yoyote. Hapo ndipo mguu wa glasi ulipopata kazi. Kinywaji kisicho na barafu kikishikwa kwenye tumbo la glasi, kiganja kinakipasha moto, na mguu unakitenga na mkono. Udogo wa glasi ile nao ulikuwa na sababu, kwamba kiishe kabla hakijapoteza makali ya ubaridi wake. Lile umbo la pembe tatu tunaloliona kwenye mabango ya baa lilipata umaarufu katika miaka ya 1920 na 1930, zama ambazo wabunifu wa Ulaya walipenda mistari iliyonyooka kuanzia majengo hadi vijiko. Na glasi ndefu nyembamba ni ya vinywaji vyenye gesi: eneo la juu likiwa dogo, gesi hutoroka polepole.

Ipo pia ile glasi pana ya shampeni, iliyo kama kisahani chenye mguu, ambayo watu husimulia kwamba ilifinyangwa kwa kipimo cha titi la Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Ni hadithi tu, kwa kuwa umbo hilo lilikuwepo kabla yake. Kilichopo kwenye kumbukumbu ni kwamba kiwanda cha Sèvres kilitengeneza bakuli za kauri za umbo la titi kwa ajili ya nyumba ya maziwa ya malkia huyo kule Rambouillet, na bakuli hizo zilikuwa za maziwa. Kwa shampeni yenyewe glasi ile ni mbaya, inaua gesi haraka. Naitaja kwa sababu inanilazimu kukiri kwamba si kila chombo kimebuniwa kwa busara. Vingine vinadumu kwa sababu vinapendeza au vina hadithi tamu. Hata hivyo vinavyodumu kwa hadithi ni vichache kuliko vinavyodumu kwa kazi.

Sasa tuje kwenye ukubwa, maana hapo ndipo hoja yangu inapoanza kugusa afya na mfuko. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya watafiti wa Cambridge waliopima glasi za mvinyo za Uingereza za kuanzia mwaka 1700. Za miaka ya 1700 zilibeba wastani wa mililita 66. Za wakati wa utafiti zilibeba wastani wa mililita 449. Ni karibu mara saba. Sababu ziko nyingi, na mojawapo inafurahisha: kati ya 1745 na 1845 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa uzito wa malighafi ya glasi, na mafundi wakawa wanabana kila gramu. Kodi ilipoondolewa glasi zikaanza kunenepa, na kila miaka ilivyosonga unene ukageuka tumbo. Glasi za kokteli nazo zimepita njia hiyo. Za mwanzoni mwa karne iliyopita zilibeba takribani mililita 90, na za leo nyingi hubeba mara mbili au tatu ya hapo. Mteja bado anahesabu moja.

Atatokea msikilizaji aseme kwamba hizi ni falsafa za bure: kilevi ni kilevi, na anayetaka kulewa atalewa hata kwa kifuniko cha chupa. Pingamizi hili lina nguvu kwa mlevi aliyeamua. Walakini wanywaji wengi hawaketi wakiwa wameamua. Wanaamua njiani, glasi baada ya glasi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wakiongozwa na Angela Attwood walichapisha jaribio la watu 160. Kiasi cha bia kilikuwa kile kile, ila wengine walipewa glasi iliyonyooka na wengine iliyopinda, nyembamba chini na pana juu. Wa glasi iliyonyooka walichukua takribani dakika 11 kumaliza. Wa iliyopinda, dakika 7. Kwa kinywaji kisicho na kilevi tofauti hiyo haikuonekana. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba kwenye glasi iliyopinda jicho linashindwa kujua nusu iko wapi, na mtu anayejipima kwa nusu anapotea hesabu. Jaribio moja halimalizi mjadala, nakubali. Lakini linatosha kumtaka mwenye pingamizi naye alete ushahidi wake kwamba umbo ni pambo tu.

Na ushahidi mzito zaidi tunao hapa hapa mpakani. Zambia ilipiga marufuku pombe kali za vifuko, wenyewe wakiziita tujilijili, mwaka 2012. Tanzania ilichelewa: Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza Februari 2017 kwamba viroba, kama tulivyoviita vifuko hivyo huku kwetu, vitakoma, na marufuku ikaanza Machi 1 mwaka huo. Maana yake ni kwamba kwa takribani miaka mitano, umbali wa kutembea kwa miguu kati ya Nakonde na Tunduma ulitenganisha sheria mbili juu ya kifuko kimoja cha plastiki. Zingatia kilichokatazwa. Konyagi haikukatazwa, wala jini, wala spiriti yoyote iliyosajiliwa. Ziliendelea kuuzwa kwenye chupa. Kilichokatazwa ni chombo. Serikali zote mbili, bila kutumia maneno yangu, zilikubali kwamba pombe ile ile yenye nguvu ile ile inakuwa jambo jingine ikiwa ndani ya kifuko kinachoingia mfuko wa shati.

Kwa nini? Tukichunguze kiroba kwa maswali yale yale matatu. Kinywaji kilichomo ni kikali, na kwenye baa kingepimwa kwa toti, kikachanganywa na soda au maji, kikanywewa taratibu. Kiroba hakina toti wala nafasi ya kuchanganyia. Kimeshapimwa kiwandani kwa lengo la bei, ili yeyote mwenye sarafu chache amudu. Mkono haukishiki, unakificha. Na kasi yake ni kung'ata kona, kukamua, kutupa. Dereva anaweza kukimaliza bila kuketi wala kuonekana na utingo wake, na mwanafunzi vile vile. Kila kizuizi ambacho chungu kilikuwa nacho kwa maumbile yake, uzito, joto, wembamba wa mrija, macho ya wenzio, kiroba kimekiondoa. Sidai kwamba waliokibuni walikaa kikao cha kuyaondoa hayo. Walikuwa wakitafuta kifungashio rahisi kisichovunjika. Matokeo yakawa hayo hayo.

Pingamizi la pili ni la usafi, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mabwana afya wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kuhusu kopo moja linalopita midomo kumi, na mkoa ambao umewahi kupambana na kipindupindu hauna sababu ya kuwapuuza. Maji ya moto ya kimpumu hayatoshi kuwa kinga, kwa kuwa yanapoa kadiri kikao kinavyoendelea. Hapa glasi inashinda waziwazi. Uso wake hauna vinyweleo vya kuficha uchafu, inaoshwa na kukaguliwa kwa jicho, na kila mtu ana yake. Ila tutofautishe kata au kopo la kupokezana na mrija. Mrija unaweza kuwa wa mtu binafsi, na kuna jamii za Afrika Mashariki ambako mzee huenda kwenye pombe na mrija wake na kurudi nao nyumbani. Kwa hiyo lawama ya usafi inaliangusha kopo la zamu, na hilo halina utetezi. Chungu chenye mirija ya kila mtu na wake kinabaki na la kujibu kuhusu maji yanayotumika na namna kinavyooshwa, sawa na jikoni kokote.

Kuna watakaosema naisifia zamani kupita kiasi, kwamba hata enzi za chungu walevi walikuwepo na wake walipigwa. Ni kweli, na sitaki kuipaka zamani rangi. Chungu kilikuwa pia na ubaguzi wake: nani anakaa karibu, nani ananyonya kwanza, nani anapika na asialikwe. Wanaanthropolojia waliopita maeneo haya, Audrey Richards kwa Wabemba katika kitabu chake cha 1939 na Monica Wilson kwa Wanyakyusa mwaka 1951, waliandika kwa urefu kuhusu chakula, pombe na heshima, na taratibu hizo hazikuwa za usawa. Ninachodai ni kidogo kuliko kuisifia zamani. Chombo kile kilimfanya mnywaji aonekane na kilimfanya achukue muda. Hayo mawili yanapimika, na yalipoondolewa tumeona kilichofuata.

Wala si lazima tuishie kwenye pombe, kwani wasikilizaji wangu wengi hawanywi na wana haki yao katika mazungumzo haya. Kikombe cha kahawa cha pwani ni kidogo, hakina mkono, na hushikwa kwa ncha za vidole ukingoni kwa sababu chini kinaunguza. Udogo wake unamlazimu mnywaji kuomba kingine, na muuzaji kubaki pale akigonga vikombe vyake. Mbozi inalima kahawa ya arabika kwa wingi na kuisafirisha karibu yote. Endapo siku moja mji wake wa Vwawa utakuwa na vijiwe vya kahawa kama vya Tanga, ukubwa wa kikombe ndio utakaoamua kama kutakuwa na kijiwe au watu wa kununua na kuondoka.

Turudi kwenye rafu ya hoteli tukamalizie hapo. Kokteli inayojulikana zaidi yenye asili ya ukanda wetu ni Dawa, iliyotokana na mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa 1980: vodka, ndimu, barafu, na asali iliyoviringwa kwenye kijiti. Hupewa glasi fupi ya kitako kinene, na huo ni uchaguzi sahihi, kwani mnywaji mwenyewe anakoroga na kuminya ndimu kwa kijiti chake. Glasi ya mguu ingepinduka. Meneja wa Tunduma anayeagiza glasi za pembe tatu kwa kuwa ameziona kwenye picha anapaswa kujiuliza zinatatua tatizo gani. Mguu wa glasi hizo ulibuniwa ili kiganja kisipashe kinywaji, na Tunduma iko juu, Juni na Julai watu wanakaa baa na makoti. Hapo mteja angeshukuru kitu cha moto, jambo ambalo waliobuni kimpumu walilijua. Akishuka bondeni, Kamsamba au Ivuna karibu na Ziwa Rukwa ambako joto ni la kutoa jasho usiku, glasi ndefu yenye barafu na soda ina kazi ya kufanya. Kwa bajeti ya kreti moja ya glasi za mguu anaweza kupata glasi fupi nzito za kutosha meza zote, zisizovunjika hovyo zikioshwa kwenye beseni, na toti mbili za chuma za kupimia. Mhudumu akimimina Konyagi kwa toti badala ya kwa jicho, mteja atajua amelipia nini, na hesabu ya stoo itakubaliana na droo ya fedha asubuhi.